Ustadi wa Kuunga: Maharagwe ya Mchana katika Milima ya Gusii

Chakula cha mchana cha maharagwe, kisicho na nyama wala samaki, hutokana na kazi mbili zisizofanana. Ya kwanza ni kulainisha punje kavu hadi iweze kuliwa. Ya pili ni kuunga, yaani kuyapa maharagwe yaliyokwisha kuiva mafuta, kitunguu, nyanya na viungo hadi yawe mchuzi wenye ladha yake. Kazi ya kwanza hudai moto, maji na saa nyingi lakini haidai maarifa makubwa, ilhali ya pili humalizika kwa nusu saa tu na ndiyo inayomtenga mpishi stadi na mtu anayejaza tumbo. Kopo la maharagwe limekuja kuibeba kazi ya kwanza na kuiacha ya pili pale pale ilipokuwa, mikononi mwa mpishi, na wanaolilaumu kopo kwa kuua upishi pamoja na wanaolisifu kwa kuurahisisha huenda wote wanalizungumzia jambo lisilokuwemo ndani yake. Kaunti za Kisii na Nyamira, ambazo ndizo nchi ya Abagusii, ni mahali pazuri pa kulichunguza suala hili, kwa sababu huko kazi ya kwanza ni nzito kuliko ilivyo katika sehemu nyingi za Kenya.

Uzito huo unatokana kwanza na mwinuko wa nchi. Maji huchemka kwenye nyuzi 100 za Selsiasi pale tu yanapokuwa usawa wa bahari, kama vile Mombasa. Kadiri mtu anavyopanda mlima, hewa hupungua msukumo wake juu ya maji, na kwa kila mita 300 hivi kiwango cha kuchemka hushuka kwa takriban nyuzi moja. Mji wa Kisii uko kwenye mita zipatazo 1,700, hivyo maji yake huchemka karibu na nyuzi 94, na katika sehemu za juu za Nyamira zinazofikia mita 2,000 huchemka karibu na nyuzi 93. Tofauti hiyo yaweza kuonekana ndogo, lakini ulaini wa haragwe hutegemea kuyeyuka kwa pektini, yaani ile gundi ya asili inayoshikamanisha chembe za punje, na kazi hiyo hupunguza kasi sana joto linapopungua hata kidogo. Mpishi wa Keroka anayechochea kuni kwa bidii hayaongezei maji yake joto. Huyageuza tu kuwa mvuke kwa haraka zaidi, na hatimaye hulazimika kuongeza maji mengine na kuanza kungoja upya.

Kuni zenyewe si za kuchezewa. Sensa ya mwaka 2019 iliwahesabu watu 1,266,860 katika Kaunti ya Kisii na 605,576 katika Nyamira, na katika Kisii idadi hiyo ina maana ya watu zaidi ya 900 kwa kila kilomita ya mraba, kiwango ambacho kwingine huonekana pembezoni mwa miji. Shamba la familia limegawanywa kwa wana na wajukuu hadi likabaki kipande kinachobeba migomba, mahindi, maharagwe, ng'ombe mmoja na, penye bahati, mistari kadhaa ya majani chai. Mkaratusi unaosimama mpakani huuzwa kama nguzo, au hununuliwa kwa ajili ya viwanda vya chai kama vile Kebirigo, Nyansiongo, Sanganyi na Gianchore, ambavyo huhitaji kuni kupata mvuke wa kukaushia majani. Kwa hiyo sufuria ya maharagwe inayochemka kwa saa mbili au tatu inashindania mti uleule na kiwanda, na gharama yake ni kubwa kuliko inavyoonekana na mtu aliyelipia maharagwe peke yake sokoni.

Uhifadhi wa chakula katika chombo kilichofungwa na kupashwa moto ulianzia Ufaransa, ambako Nicolas Appert alichapisha mbinu yake mwaka 1810 akitumia chupa za kioo, na mwaka huohuo Peter Durand akapewa hataza huko Uingereza ya kutumia, pamoja na vyombo vingine, makopo ya bati. Appert hakujua ni kwa nini chakula chake hakikuoza, kwa kuwa elimu ya vijidudu ilikuja baadaye. Siku hizi inafahamika kwamba adui mkuu ni bakteria aitwaye Clostridium botulinum, ambaye mbegu zake hustahimili maji yanayochemka na huuawa kwa uhakika katika nyuzi zipatazo 121, joto linalopatikana ndani ya mtambo wa mvuke uliobanwa. Maharagwe huloweshwa, hutiwa koponi pamoja na maji na chumvi, kopo hufungwa, kisha punje huiva humohumo ndani. Hapa pana onyo ambalo halina budi kutolewa bila kupambwa: mtu asijaribu kujitengenezea maharagwe ya kopo nyumbani kwa kuchemsha chupa zilizofungwa ndani ya sufuria, kwa kuwa maji ya Kisii yasiyofika hata nyuzi 95 hayana uwezo wowote juu ya mbegu hizo, na sumu inayotokana nazo huweza kuua.

Je, kopo ni rahisi? Jibu la haki linahitaji hesabu kidogo. Kopo la kawaida lina gramu 400, lakini maji yake yakimwagwa hubaki punje zenye uzito wa gramu 240 hivi, chakula cha watu wawili wasio na njaa kali. Gorogoro moja, yaani lile kopo la mafuta ya kupikia ambalo katika masoko ya magharibi mwa Kenya limegeuzwa kipimo cha nafaka, hubeba takriban kilo 2 za maharagwe makavu, nayo yakiiva hunywa maji na kuzidi uzito wake wa awali maradufu, yakakaribia kilo 5. Gorogoro moja, basi, ni sawa na makopo 20 hivi. Yeyote anayejua bei ya kopo katika duka kubwa la mjini na bei ya gorogoro katika soko la Daraja Mbili anaweza kukamilisha hesabu hiyo mwenyewe, na hata akiongeza gharama ya kuni au makaa ataona kwamba kwa familia ya watu sita kopo ni anasa. Lakini kwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kisii anayeishi peke yake katika chumba cha kupanga, mwenye mtungi mdogo wa gesi ambao hana budi kuufikisha mwisho wa muhula, saa tatu za moto kwa ajili ya sahani moja ni upotevu, na kopo, likitumiwa kwa akili, linamfaa.

Familia kubwa, hata hivyo, imejipatia zamani njia yake ya kufikia faida ya kopo bila kununua kopo, nayo ni kuchemsha maharagwe mengi kwa mkupuo mmoja na kuyaunga kidogo kidogo. Katika Gusii desturi hii imepata nguvu ya pekee kutoka kwa Kanisa la Waadventista Wasabato, ambalo wamisionari wake walifika Gendia, kando ya Ziwa Viktoria, mwaka 1906, kisha wakafungua kituo cha Nyanchwa karibu na mji wa Kisii mwaka 1912, na leo ni miongoni mwa madhehebu makubwa katika kaunti hizi mbili. Sabato huanza Ijumaa jua linapotua na kwisha Jumamosi wakati kama huo, na kwa kuwa kazi za kawaida huachwa katika muda huo, Ijumaa ni siku ya maandalizi ambayo chakula cha kesho hupikwa mapema ili kipashwe tu moto baada ya ibada. Hakuna chakula kinachotii ratiba hiyo kwa uaminifu kuliko maharagwe, ambayo ladha yake haipungui kwa kulala, bali hukomaa. Kanisa hilo pia huwahimiza waumini wake, bila kuwalazimisha, kula vyakula vya mimea, fundisho lililokita mizizi Marekani katika karne ya 19 kupitia maandishi ya Ellen G. White na hospitali ya Battle Creek iliyoongozwa na Dkt. John Harvey Kellogg. Wasabato wengi wa Gusii hula nyama bila kusita, na hapana haja ya kuwasingizia utakatifu wa mboga. Lakini maharagwe ya Sabato yamewazoesha wapishi wengi kufikiri mapema na kuitenga kazi ya moto na kazi ya mkono.

Sufuria ya namna hiyo ina masharti yake. Maharagwe huloweshwa usiku kucha na maji ya kuloweshea humwagwa, kwa kuwa yanaondoka na sehemu ya sukari zile ambazo tumbo la binadamu haliwezi kuzisaga na ambazo ndizo chanzo cha gesi. Yanapoinjikwa hayana budi kuchemka kwa nguvu, wala si kufukuta tu kandokando ya moto, kwa sababu maharagwe mekundu mabichi yana sumu ya asili ambayo moto hafifu hauimalizi. Wako wanaotia magadi ili yalainike upesi, na katika sehemu nyingi za magharibi mwa Kenya wako wanaotumia maji ya majivu yaliyochujwa kwa kusudi hilohilo. Mbinu hizo hufanya kazi, lakini zikizidi huharibu vitamini B1 na kuyaachia maharagwe ladha ya sabuni, na mpishi anayetia magadi kijiko kizima anajipunguzia kuni kwa kumwibia mlaji. Yaliyokwisha kuiva hupozwa upesi, hufunikwa, na yakitolewa siku ya pili huchemshwa upya hadi yatokote.

Watafiti nao wameishughulikia kazi ya kwanza. Katika muongo wa 2010 Shirika la Utafiti wa Kilimo na Mifugo la Kenya, likishirikiana na wenzao wa Uganda kwa msaada wa Kanada na Australia, lilitengeneza maharagwe yaliyopikwa kiwandani na kukaushwa tena, ambayo nyumbani huiva kwa takriban robo saa, na shirika hilohilo limesambaza mbegu mpya kama Nyota, yenye madini mengi ya chuma na inayoiva upesi, kando ya zile za zamani ambazo wakulima huziita Rosekoko, Mwitemania na Mwezi Moja. Yote hayo ni mema. Lakini hakuna mbegu wala kiwanda kitakachokaanga kitunguu kwa niaba ya mpishi.

Kuunga huanza na kitunguu, na kosa linalorudiwa zaidi ya yote ni haraka. Vitunguu viwili vikubwa kwa kila kopo au kwa kila vikombe viwili vya maharagwe si vingi mno; hukatwa vyembamba, hutiwa katika mafuta yaliyopata moto wa wastani pamoja na chumvi kidogo inayoyavuta maji yake nje, na hugeuzwa kwa mwiko hadi vipoteze weupe, vilegee, kisha vishike rangi ya kahawia. Rangi hiyo ndiyo ladha yenyewe, kwani joto linapozidi lile la maji kuchemka sukari na protini za kitunguu huungana na kuzaa harufu nyingi ambazo watu huzihusisha na nyama iliyochomwa. Mlaji wa nyama, kwa kweli, hupenda mambo mawili ndani ya nyama, yaani ule ukahawia wa moto na utamu mzito unaokaa ulimini, na yote mawili yanaweza kupatikana bila kuchinja kitu.

Utamu huo mzito ndio ambao mkemia Kikunae Ikeda wa Tokyo aliutambua mwaka 1908 kuwa ladha ya tano, kando ya utamu wa sukari, uchachu, chumvi na uchungu, akaupa jina la umami; chanzo chake ni glutameti, ambayo imo kwa wingi katika nyanya zilizoiva barabara. Kwa sababu hiyo nyanya haziwekwi ili kuupa mchuzi wekundu tu. Baada ya kitunguu kushika rangi, kitunguu saumu na tangawizi vilivyopondwa hupewa dakika moja, kisha nyanya tatu au nne zilizokatwakatwa huingia na kupikwa bila kuongezwa maji hadi zisagike, zikauke, na mafuta yajitenge pembeni mwa sufuria. Ishara hiyo ya mafuta kujitenga inaaminika kuliko saa ya ukutani, na mpishi asiyeingoja hupata mchuzi unaonuka nyanya mbichi, kasoro ambayo hakuna pilipili wala kiungo cha pakiti kinachoweza kuificha. Hapa pia ndipo faida ya maharagwe yaliyokwisha kuiva inapodhihirika, kwani uchachu wa nyanya huikaza pektini na kuzuia punje isilainike, na anayetia nyanya katika maharagwe ambayo bado ni magumu atayapika hadi jioni bila kufanikiwa.

Maharagwe ya kopo yaliyohifadhiwa katika maji ya chumvi humwagwa maji na kusuuzwa, hatua inayopunguza chumvi yake kwa zaidi ya theluthi moja. Yale ya nyumbani, yasiyokuwa na chumvi, huingia pamoja na supu yake, ambayo ni nzito na yenye rangi na haistahili kumwagwa hata tone. Theluthi moja ya punje hupondwa kwa mgongo wa mwiko ubavuni mwa sufuria, ili wanga wake ufanye rojo na mchuzi uweze kushika tonge. Moto hupunguzwa, sufuria hufunikwa nusu, na chakula huachwa kitokote taratibu kwa dakika 15 hadi punje zinywe kile kilichokaangwa, kwa sababu haragwe lililoogeshwa mchuzi dakika mbili tu hubaki mgeni ndani yake. Mashina ya dhania yaliyokatwa hutangulia na majani yake huja mwisho kabisa, moto ukiwa umezimwa, pamoja na maji ya nusu limau. Limau hilo si pambo: huamsha ladha zilizolala chini ya wanga, na vitamini C yake huusaidia mwili kuyanyonya madini ya chuma yaliyomo ndani ya maharagwe, ambayo vinginevyo hupokelewa kwa shida.

Kuna aina moja ya kopo inayohitaji kurekebishwa kabla ya yote hayo, nayo ni ile ya maharagwe meupe madogo katika rojo ya nyanya yenye sukari, chakula cha asubuhi cha Waingereza ambacho hoteli za Kenya zimekirithi na kukiweka kando ya mkate uliobanikwa. Utamu wake haupatani na ugali. Dawa yake ni kuongeza kitunguu, tangawizi na pilipili maradufu, kuacha nyanya, na kutia limau bila woga. Hata baada ya hapo kitakuwa chakula cha wastani, na anayeweza kupata kopo la maharagwe mekundu yasiyotiwa sukari asipoteze fedha yake kwa lile jingine.

Kinachoandamana na sufuria hii katika Gusii ndicho kinachoipa sura ya mahali. Wa kwanza kwa heshima ni ugali wa wimbi, ambao kwa Ekegusii ni obokima bw'obori, mweusi, wenye uchachu wa mbali na harufu ya nafaka iliyokaushwa juani. Nafaka na maharagwe hukamilishana, kwa kuwa nafaka ina upungufu wa lisini, mojawapo ya vijenzi vya protini, ambayo maharagwe yanayo kwa wingi, na maharagwe yana upungufu wa methionini, ambayo nafaka huileta. Karibu na ugali huwekwa mboga chungu, hasa chinsaga, ambayo kwa Kiswahili huitwa mgagani, iliyochemshwa na kulazwa ndani ya maziwa ili uchungu wake upungue, au rinagu, yaani mnavu. Mpishi mwenye busara hauondoi uchungu huo wote, kwani maharagwe ni matamu na mazito na yanahitaji kitu cha kuyapinga. Ndizi za kupika nazo, ambazo nchi hii inazo tele, humenywa kwa mikono iliyopakwa mafuta kidogo ili utomvu usishike, huchemshwa kando na kuchanganywa na maharagwe dakika za mwisho, na sahani hiyo haihitaji ugali wala kitu kingine. Parachichi, ambalo msimu wake ukifika huanguka chini ya miti hadi kuokotwa na watoto, hukatwa vipande na kuwekwa juu ya sahani likiwa bichi. Likipikwa huwa chungu. Pwani huyaunga maharagwe kwa tui la nazi, na ni upishi wa heshima, lakini mtu wa Nyamira anayenunua nazi iliyosafiri kutoka Kilifi huku parachichi likioza uani mwake hana hoja ya kujitetea.

Mjini, vibanda vya chakula huuza maharagwe haya pamoja na chapati kwa jina la mtaani la chapo madondo, na kwa wafanyakazi wengi wa jua kali ndicho chakula cha mchana kwa siku tano za juma. Ajabu ni kwamba chakula hichohicho hakiandaliwi mgeni wa heshima, ambaye lazima achinjiwe kuku, na mwenyeji akimpa maharagwe huanza kwa kumwomba radhi. Radhi hiyo haina msingi pale ambapo kitunguu kimepewa muda wake. Kuku aliyepikwa kwa haraka ni chakula duni kuliko maharagwe yaliyoungwa kwa subira, na wapishi wengi wa vibandani, ambao huanza kukaanga saa nne asubuhi ili wauze saa saba, wanalijua hilo kuliko wenye hoteli.

Limebaki jambo moja ambalo katika nchi ya chai huenda lisipokewe vizuri. Chai ina tanini, kemikali inayoyakamata madini ya chuma tumboni na kuyazuia yasiingie mwilini, na athari yake ni kubwa zaidi kwa chuma kinachotoka katika mimea, kama hiki cha maharagwe na mboga za majani. Kikombe kinachonywewa pamoja na sahani hii, kama ilivyo desturi kuanzia Nyansiongo hadi Ogembo, hufuta sehemu ya kile ambacho limau lilikuwa limekifanya, na kwa wajawazito na wasichana wanaobalehe hasara hiyo si ndogo. Basi birika na liinjikwe saa moja baada ya sahani kuondolewa, na mezani pawepo maji.